Mwongozo kamili wa kuzistahimili dalili zinazokuja baada ya kuacha bangi

Mtu aliyevuta bangi kila siku kwa miezi au miaka, anapoacha, hupata dalili zinazojulikana kitabibu, na dalili hizo huja kwa mpangilio ambao unaweza kuelezwa kabla hazijaanza. Hilo ndilo jambo ambalo vijana wengi wa Unguja na Pemba hawaambiwi. Huambiwa waache, huambiwa watubu, huambiwa wawaonee huruma wazee wao, na yote hayo ni maneno ya haki. Lakini haambiwi mtu kwamba usiku wa tatu huenda akakesha, kwamba chakula kitamkinai, na kwamba atamkaripia mdogo wake kwa sababu ya kikombe kilichohamishwa mahali pake. Yanapomfika bila ya kuyatarajia, huyachukua kuwa ni ushahidi kwamba mwili wake hauwezi tena kuishi bila ya bangi, akarudi maskani, kwenye kijiwe cha wavutaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya mama, kaka au mke atakayekuwa naye nyumba moja katika siku hizo.

Kinachotokea mwilini

Kilevi kikuu cha bangi huitwa THC. Ndani ya ubongo hushika kwenye vipokezi ambavyo mwili unavyo kwa kazi zake wenyewe, zikiwemo kupanga usingizi, njaa, hofu na utulivu wa moyo. Mtu anapovuta kila siku, ubongo hupunguza idadi ya vipokezi hivyo ili kujilinda na wingi wa kilevi. Akiacha, hubaki na vipokezi vichache na kilevi kimeondoka, na kwa muda huo kila kilichokuwa kikitulizwa na moshi hukosa mtulizaji. Habari njema ni kwamba vipokezi huanza kurudi ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya wiki nne hivi huwa vimekaribia hali ya kawaida.

THC hukaa katika mafuta ya mwili na hutoka polepole, na ndiyo sababu dalili haziji saa ile ile uliyozima msokoto wa mwisho. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hufikia ukali wake ndani ya wiki ya kwanza, na nyingi hupungua sana ifikapo wiki ya pili. Usingizi ndio unaochelewa, kwani unaweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi kabla ya kurudi sawasawa. Dalili zenyewe ni hasira za karibu, wasiwasi, kukosa usingizi au kuota ndoto nzito, kukosa hamu ya kula, kutotulia mahali pamoja, na huzuni. Na kwa baadhi ya watu huongezeka maumivu ya tumbo au kichwa, jasho, baridi na kutetemeka. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiingiza hali hii katika kitabu chake cha uchunguzi wa maradhi, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba takriban asilimia 47 ya watumiaji wa mara kwa mara hupata dalili hizi. Kwa hiyo anayesema kuwa bangi haina arosto, yaani dalili hizi za kuacha, hajasema kweli, na anayesema kuwa kila mtu lazima ataumwa naye amezidisha. Aliyekuwa akivuta Jumamosi tu huenda asihisi lolote.

Hatua ya kwanza: kijue vizuri ulichokuwa ukivuta

Hatua hii nimeitanguliza kwa makusudi, kwa sababu kosa la hapa linaweza kuhatarisha maisha. Kuacha bangi peke yake kunaudhi na kunachosha, lakini hakuui. Mambo hubadilika ikiwa ndani ya msokoto kulikuwa na kitu kingine.

Wako wanaovuta kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga wa heroini, na wengine huivuta kwa muda mrefu wakijihesabu kuwa ni watu wa bangi tu kwa sababu hawajawahi kujidunga sindano. Ukiacha, na ndani ya siku moja au mbili ukatokwa na mafua na machozi, ukaharisha, ukasisimkwa na vinyweleo na kuumwa na mifupa na misuli, basi hizo si dalili za bangi, bali ni dalili za heroini. Mtu wa hali hiyo asijifungie chumbani kupambana peke yake. Aende akaonwe, kwa sababu kwake yeye yapo matibabu ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ambayo Zanzibar ilianza kuyatoa mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Tena lipo jambo moja la kulijua: aliyeacha heroini kwa wiki chache, akirudi na kutumia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua.

Vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium, pamoja na pombe ya kila siku, navyo haviachwi ghafla bila ya daktari, kwani vinaweza kuleta kifafa. Ikiwa unatumia kimojawapo pamoja na bangi, anza kwa kumwona daktari na umwambie vyote viwili.

Halafu iko tumbaku. Anayechanganya bangi na tumbaku atakuwa anaacha vitu viwili kwa siku moja, na nikotini nayo ina hasira zake na kukosa utulivu kwake, hasa katika siku tatu za mwanzo. Maoni yangu ni kwamba ni bora kuviacha vyote pamoja, kwa sababu sigara mkononi huukumbusha mkono kazi yake ya zamani; lakini aliyeshindwa mara kadhaa kwa njia hiyo anaweza kuitanguliza bangi na kuifuatisha sigara. Asichotakiwa kufanya ni kuvuta sigara mara mbili ya ilivyokuwa kisha akasema ameacha.

Hatua ya pili: chagua siku, na usiichague ovyo

Kwa aliyekuwa akivuta misokoto mingi kwa siku, kupunguza kwa wiki moja au mbili kabla ya kuacha kabisa kunaweza kuzifanya dalili ziwe laini zaidi. Anza kwa kuondoa msokoto wa asubuhi, kwani huo ndio unaoifanya siku nzima iwe ya moshi. Anayejijua kwamba akipunguza atajidanganya, na aache kwa siku moja.

Siku tano au sita za mwanzo zisiwe siku za kazi ya hatari. Kwa watu wa Pemba hili lina uzito wake wakati wa msimu wa karafuu. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake huvunjika kwa urahisi. Mtu ambaye hajalala usiku mbili na ambaye mikono inamtetemeka hana ruhusa ya kuupanda. Abaki chini akichambua, atenge karafuu na makonyo juu ya jamvi pamoja na wenziwe, kazi ambayo humshughulisha mikono na kumweka kati ya watu. Dereva wa bodaboda, mzamiaji na fundi wa mapaa nao wajipangie vivyo hivyo.

Wengi huahidi kuacha mwezi wa Ramadhani, na nia hiyo ni njema mno. Lakini lazima ieleweke kwamba anayejizuia mchana na kuvuta baada ya futari bado hajaacha, na mwili wake haujapata hata siku moja kamili ya kujirekebisha. Anayeanza kuacha siku ya kwanza ya mfungo naye anakutanisha jasho la usiku, kukosa hamu ya kula na kufunga kwa wakati mmoja. Ushauri wangu ni aanze siku kumi hivi kabla ya mwezi kuandama, ili kilele kimpitie wakati bado anaweza kunywa maji mchana, kisha Ramadhani yenyewe imshike mkono: kuamka kwa daku, tarawehe, na watu wanaofuata ratiba moja. Sikukuu nayo iwekewe mpango mapema, maana siku za Idi vijana wana pesa mfukoni, wamevaa vizuri na wanatafutana.

Usiku wa kuamkia siku uliyoichagua, toa kila kitu: majani, mbegu, karatasi za kusokotea, kisahani cha majivu. Futa nambari ya muuzaji katika simu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe kaka, ami au rafiki asiyevuta, kwa maneno ya wazi: siku gani unaanza, na saa gani za usiku unaweza kumpigia.

Hatua ya tatu: usingizi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. Mtu huvumilia mchana kwa sababu kuna watu na kazi. Saa nane za usiku, feni inazunguka, chandarua kimemlemea na shuka imerowa jasho, husema moyoni mwake kwamba pafu mbili tu zingemlaza. Ni kweli zingemlaza, na kesho angekuwa ameanza upya siku ya kwanza.

Uandae usiku kabla haujaingia. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala. Weka shuka ya pili na fulana kavu karibu na kitanda, ili ukiamka umerowa ubadilishe bila ya kuwasha taa zote na kuchangamka. Weka maji ya kunywa. Simu ikae chumba kingine, au apewe mtu. Ukilala kwa muda unaokisia kuwa ni dakika ishirini na usingizi haujaja, usigaegae kitandani: toka, kaa mahali penye mwanga hafifu, soma kidogo Kurani au leta dhikri, kisha rudi macho yanapoanza kuwa mazito. Kitanda kikizoeleka kuwa mahali pa kukesha, huendelea kuwa hivyo hata dalili zikiisha.

Saa ya kuamka isibadilike, hata kama umelala saa mbili tu. Adhana ya alfajiri inatosha kuwa saa yako. Mchana usilale zaidi ya nusu saa, na hapo iwe kabla ya alasiri.

Kahawa inahitaji maneno yake. Moshi, wa tumbaku na hata wa bangi, huharakisha ini kuivunja kafeini. Mtu anapoacha kuvuta, vikombe vile vile alivyovizoea barazani hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Ndipo huhisi moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, akaamini kuwa ni arosto imezidi, kumbe ni kahawa. Punguza vikombe kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya adhuhuri usinywe kabisa. Chai ya majani nayo ina kafeini. Jioni kunywa maji ya mchaichai au ya tangawizi. Hutalazimika kuihama baraza, kwani mazungumzo yake yanakufaa; mwambie tu muuza kahawa asikumiminie.

Ndoto nazo zitakuja. Bangi hupunguza sehemu ya usingizi ambayo ndani yake mtu huota, na inapoondoka sehemu hiyo hurudi kwa wingi wa kulipiza. Utaota kwa rangi na sauti, utaota waliokufa, na huenda ukaota unavuta ukaamka na majuto kana kwamba umevuta kweli. Wako watakaokuambia kuwa umechezewa au umepandwa na pepo. Kusomewa dua hakuna ubaya na humtuliza mtu, lakini ndoto hizi ni sehemu ya ubongo kujirudi na zitapungua. Hazihitaji makafara wala kufukizwa moshi usiku kucha. Kumfunga au kumpiga mtu aliye katika hali hii ni dhulma.

Usinunue vidonge vya usingizi katika duka la dawa kwa ushauri wa rafiki, wala usinywe dawa za mafua kwa sababu tu zinaleta usingizi. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili ya kuacha bangi, na vidonge vya usingizi vinaweza kuwa uraibu wa pili kabla wa kwanza haujakutoka.

Hatua ya nne: hasira, na namna ya kuishi na watu wa nyumbani

Hasira ya siku hizi haina uwiano na sababu yake. Mlango umegongwa, chai imepoa, mtoto ameuliza swali lile lile mara mbili, na mtu anahisi kifua kinawaka. Akijua kwamba hasira hiyo ni dalili kama jasho lilivyo dalili, anaweza kuitendea jambo kabla haijamtoka mdomoni.

Kabla hujaanza, wekeni makubaliano ya nyumbani. Wewe useme kwamba ukihisi umepandwa utaondoka bila ya kueleza, utembee hadi mwisho wa mtaa au ufukweni, utie udhu, kisha urudi. Na wao wakubali kutokufuata wala kukuuliza unakwenda wapi kila mara. Mama apewe ahadi kwamba njia hiyo haipiti maskani, na ahadi hiyo itunzwe.

Watu wa nyumbani nao wana sehemu yao. Msimpekue mifuko kila anaporudi, msimnuse nguo mbele ya wageni, na msimtajie aibu alizowahi kuwatia, kwa sababu aibu hizo anazijua. Katika wiki mbili za mwanzo msimkalishe kuzungumzia madeni, talaka wala mirathi. Mpeni kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, kama kuteka maji, kukuna nazi au kumpeleka mtoto chuoni. Akiwakaripia, mwambieni kwa sauti ya chini kwamba amevuka mpaka, kisha muiache hadi kesho. Lakini akiinua mkono kumpiga mtu au akishika kitu cha kujeruhi, hilo halisubiriwi lipoe. Toweni watoto, iteni watu wazima, na apelekwe hospitali.

Wasiwasi na huzuni hupungua kwa mwili kufanya kazi. Tembea haraka, cheza mpira ufukweni maji yakipwa, ogelea ukiwa na mwenzako. Fanya hayo asubuhi au alasiri, kwa kuwa mazoezi makali karibu na saa ya kulala humchangamsha mtu.

Hatua ya tano: chakula na maumivu madogo

Njaa hurudi yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Mpaka hapo, usingojee hamu: kula kidogo kidogo kwa saa maalumu. Uji, supu ya samaki, ndizi, muhogo wa kuchemsha, embe na machungwa hupita hata tumbo likiwa zito. Kunywa maji na madafu, kwani jasho la usiku hukausha. Kichwa kikiuma, panadoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha.

Kutapika mara kwa mara kwa mtu aliyevuta miaka mingi, hasa akiona anapata nafuu tu anapojimwagia maji ya moto, ni hali inayojulikana na madaktari, nayo hupoa bangi ikiachwa. Hata hivyo anahitaji kwenda hospitali, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kuyadhuru mafigo.

Hatua ya sita: hamu inapokujia

Hamu ya kuvuta hujaa na kupwa kama maji ya bahari, na mara nyingi haikai zaidi ya nusu saa. Kazi yako ni kuipitisha nusu saa hiyo ukiwa mahali ambapo bangi haipo. Badilisha njia ya kurudi nyumbani ikiwa ile ya zamani inapita maskani. Saa ambayo ulizoea kuvuta, kwa wengi baina ya alasiri na magharibi, iwe na shughuli iliyopangwa na ikiwezekana na mtu anayekusubiri: nyavu za kushona, darasa msikitini, duka la mjomba, mazoezi ya timu.

Rafiki atakuja, na mara nyingi hatakuja kwa ubaya. Uwe na jibu fupi ulilolizoea. "Nimeacha, kifua kinanisumbua" linatosha. Ukianza kueleza sababu tano, atapata nafasi ya kujibu kila moja. Akikupa ushike tu, usishike.

Wakati wa kutafuta msaada

Nenda hospitali bila ya kuchelewa ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ikiwa unaamini watu wanakufuatilia au wanataka kukuua, ikiwa fikra za kujiua zimekujia, au ikiwa umepata kifafa. Mwenye fikra za kujiua asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda msikitini. Kwa Unguja, Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo ya maradhi ya akili, na Mnazi Mmoja inapokea wagonjwa wa dharura. Kwa Pemba, anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Anayetumia dawa za maradhi ya akili amweleze daktari kwamba ameacha kuvuta, kwani kipimo cha baadhi ya dawa hizo hubadilika moshi unapoondoka. Sheria inaikataza bangi, na woga huo huwafanya wengi waseme uongo mbele ya daktari. Lakini daktari aliyefichwa ukweli atatibu maradhi mengine.

Aliyejaribu nyumbani mara kwa mara bila ya kufanikiwa anaweza kwenda katika nyumba za kupata nafuu, ambazo watu huziita soba. Kabla ya kumpeleka mtu wenu, nendeni mkaione nyumba yenyewe: ulizeni nani anawaangalia wagonjwa usiku, kama yupo mhudumu wa afya, na kama jamaa wanaruhusiwa kumtembelea. Mahali panapokataa maswali hayo pasipewe mtoto wa mtu.

Ukiteleza ukavuta, usimalizie siku kwa kusema kwamba imeshaharibika. Tupa kilichobaki, mpigie yule mtu uliyemwambia mwanzo, na andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani. Ukiyaandika mara mbili tatu utaona yanafanana, na hapo utajua ni saa gani, njia ipi au rafiki yupi anahitaji kupangiwa upya.

Ikiwa mwezi umepita na bado hulali, au huzuni haijakuachia, nenda kwa daktari na karatasi iliyoandikwa tarehe uliyoacha, saa unazolala kila usiku, vikombe vya kahawa kwa siku, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Huenda bangi ilikuwa inafunika wasiwasi au huzuni iliyokuwepo kabla yake, na maradhi hayo yana matibabu yake.